Kura ya Kwanza ya Bibi Youa

Kila Jumamosi, jikoni kwa akina Vang mjini Saint Paul, Marekani, familia hukunja roli za nyama za kukaanga. Mama hujaza, mabinti wawili hukunja, na Bibi Youa huonja pilipili na kulalamika kwamba haiwashi.

Jumamosi moja Bibi alikuwa kwenye simu na jamaa zake.

"Mai Chee atafanya kazi ya uchaguzi! Ndiyo, huyu mdogo. Miaka kumi na sita tu! Shule imemruhusu."

Pa Houa, dada mkubwa, alikunja roli yake kwa nguvu hadi ikapasuka.

"Dada, hiyo imekufa," Mai Chee akacheka.

"Kunja zako, karani."

Wivu ulimkaba Pa Houa. Mwalimu alipotangaza nafasi za wanafunzi kwenye vituo vya kura, yeye alisema hiyo ni kazi ya wastaafu. Sasa alijuta. Tangu utotoni, yeye ndiye aliyewajazia wazee karatasi zote: za hospitali, za shule, za kodi. Leo sifa zote zilikwenda kwa mdogo wake!

"Bibi, siku ya kura nitakupeleka mimi," akasema.

Bibi alikuwa amepata uraia mwaka huo. Hiyo ingekuwa kura yake ya kwanza maishani.

Siku ikafika. Mai Chee alikuwa mezani, karibu na msimamizi wa kituo, Bi LaVonne.

"Jina lako na anwani, tafadhali," Mai Chee akamwambia Bibi kwa Kihmong, lugha ya wazee wao.

"We mtoto! Hunijui? Nani alikubadilisha nepi?"

"Nakujua, Bibi. Lakini kila mtu huulizwa."

Waliojua Kihmong kwenye foleni wakacheka. Wazee wawili wa Kihmong wakamgeukia Mai Chee kwa maswali, naye akawaelekeza vizuri. Pa Houa akauma mdomo.

Kwenye kibanda cha kupigia kura, Pa Houa alichukua karatasi ya Bibi na kalamu. Akaanza kuweka alama mbiombio, kama anavyojaza karatasi za daktari.

"Umemchagua nani?" Bibi akauliza.

"Wale wazuri. Usijali."

"Wazuri kwa nani?"

Mai Chee alisikia. Akataka kukimbia kibandani, lakini mwanafunzi haruhusiwi kumsaidia mtu kuweka alama. Akamwita Bi LaVonne.

"Binti," Bi LaVonne akamwambia Pa Houa kwa upole, "unaruhusiwa kumsomea. Unaruhusiwa kuweka alama pale anapokuonyesha. Lakini kuchagua ni kwake peke yake. Hata mimi siwezi kumshauri."

"Lakini mimi humjazia kila kitu!"

"Najua. Hospitalini unaandika ugonjwa wake. Hapa unaandika uamuzi wake."

Pa Houa akamtazama Bibi. Machozi yakamlenga. "Nimekuharibia kura yako, Bibi."

"Haijaingia kwenye mashine ya kuhesabia kura," Bi LaVonne akasema. "Tutaitenga hii, nitampa nyingine."

Safari hii Pa Houa alisoma majina yote polepole, kwa Kihmong chake cha kukwamakwama. Bibi alifikiri, kisha akaonyesha kwa kidole. Mengine Pa Houa hakuyapenda hata kidogo. Aliweka alama vilevile.

Walipotoka kibandani, Pa Houa alikwenda mezani. "Mafunzo ya makarani ni lini tena?"

"Si ni kazi ya wastaafu?" Mai Chee akauliza.

"Usinichokoze!"

Bi LaVonne akacheka. "Tunawahitaji nyote. Makarani hawatoshi, na wanaojua Kihmong ni wachache zaidi. Uwe raia, umefika miaka kumi na sita, unafanya vizuri shuleni, na wazazi na mkuu wa shule wakubali. Basi."

Uchaguzi uliofuata, dada wote wawili walikuwa kazini. Nyumbani walikuwa wamemsomesha Bibi kwa karatasi ya mfano, wakigombana nani ni mwalimu bora.

"Umekuja na msaidizi?" Pa Houa akamuuliza Bibi alipofika mezani.

"Simtaki. Nikimchukua mmoja wenu, mwingine atanuna."

Bibi akachukua karatasi yake, akaingia kibandani peke yake. Alikaa muda mrefu. Kisha akaiingiza kura yake kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni mabinti wakambembeleza awaambie alimchagua nani. Mpaka leo hajawaambia.