Ukurasa Uliochelewa

Ukurasa ulijigeuza wenyewe. Hapakuwa na upepo, madirisha ya ukumbi wa mazoezi yalikuwa yamefungwa, na kiti cha pili, cha marehemu mume wa mpiga fidla, kilikuwa kitupu tangu mwezi wa tatu.

Mwenyewe hakushtuka, maana alikuwa anahesabu. Simfoni waliyokuwa wakiifanyia mazoezi nayo, jamani! Mtunzi alichukua albamu ya roki ya kupasua masikio, akaikamua mpaka zikabaki noti nne, okestra nzima izirudie mara sitini kila ukurasa, zikibadilika kidogo kidogo. Ukikohoa tu, umepotea. Ndiyo maana wapiga fidla hukaa wawili wawili: mmoja hupiga bila kukoma, mwenzake hugeuza ukurasa.

"Asante," akanong'ona kwa mazoea.

Loo! Hapo ndipo alipojiponza.

Kesho yake kiti kilinuka nywele zilizoungua. Keshokutwa yake kikaanza kuimba chini chini, na kadiri alivyohesabu, arobaini, arobaini na moja, pumzi ya baridi ikazidi kumsogelea shingoni, na mkono asiouona ukageuza ukurasa sawasawa, bila kukosea hata pigo moja, naye, Mungu amsamehe, akaanza kuwahi mazoezini, kwa sababu nyumbani hakuwa na mtu hata wa kumwambia chai imepoa.

Shangazi yake, mganga, aliletwa ukumbini. Alikikaribia kiti, akaziba pua.

"Mwanangu, hilo ni jini. Si mumeo."

"Najua, shangazi." Alicheka huku machozi yanamlengalenga. "Mume wangu alikuwa mzito. Miaka kumi na tisa hakugeuza kwa wakati hata siku moja, mpaka nimkanyage mguu."

"Shii! Usilisimulie, linasikia!" Shangazi alimziba mdomo. "Kiti kitoke. Likikosa pa kukaa, litaondoka."

Siku ya onyesho kiti kilitolewa. Wenzake walikaa wawili wawili, yeye peke yake kama kidole. Aliitazama ile nafasi tupu. Kabla kiongozi wa okestra hajainua kijiti, aliinuka, akaenda nyuma ya jukwaa, akakirudisha kiti kwa mikono yake mwenyewe.

Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini.

Ukurasa haukugeuka. Limeondoka, akawaza, na moyo ukamvunjika.

Chini ya viti, mguu wa baridi ukajisogeza taratibu mpaka ukagusana na wake, ukatulia, ukisubiri.

Akaukanyaga. Ukurasa ukageuka.