Maji Moto Bila Bismillahi

Tundu la sakafuni lilimeza maji yote, likanyamaza kidogo, kisha likapumua.

Mukbil alikuwa amepiga magoti na tochi mkononi, katika chumba cha chini cha nyumba moja ya matofali huko Dearborn, Michigan. Ilikuwa Jumatatu alasiri, wiki ya kwanza ya Desemba. Pumzi ile ilikuwa vuguvugu na ilinuka nywele zilizoungua. Alisogeza simu mdomoni, maana alizoea kurekodi maneno ya ripoti yake papo hapo, akasema, "Tundu la sakafuni linapitisha maji vizuri." Kisha akapanda ngazi haraka kuliko alivyoshuka.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa dalali wa nyumba. Aliacha kazi hiyo baada ya kumuuzia binamu yake Abduh nyumba ambayo ukuta wake wa chini ulikuwa na doa la maji, na mbele ya doa lile yeye mwenyewe alisogeza kabati. Mvua ya kwanza ilijaza maji hadi magotini. Abduh hakumtukana. Aliacha tu kuitikia salamu zake. Ndipo Mukbil aliposomea ukaguzi wa nyumba, akanunua ngazi ndefu na kipima unyevu.

"Dalali alipwe kwa kusema kweli!" mkewe Takiya alimtania siku hiyo. "Jua litachomoza magharibi."

"Cheka tu, Mama Arwa."

"Sicheki. Nawaza tutakula nini."

Dalali hupita mbele ya bomba bila kuligusa. Mkaguzi hufungua mabomba yote, huyaacha maji moto yatiririke robo saa, kisha humwaga ndoo nzima ya maji hayo kwenye tundu la sakafuni aone kama limeziba. Huko Ibb, mji wa Kiarabu walikotoka wazazi wao, mwanamke hamwagi maji ya jikoni kabla ya kusema Bismillahi, kwa sababu wanaokaa kwenye mifereji nao wana watoto, na watoto hulala. Mukbil alilelewa hivyo. Katika nyumba kumi na tisa za mwanzo alisema. Katika hii ya ishirini mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine: alikuwa akimwaga huku akirekodi, na dalali Fadi amesimama ngazini akimharakisha.

"Maliza, kaka. Nyumba ina paa, ina bomba. Wewe si mwenzetu?"

"Nilikuwa."

Jioni ile binti yake Arwa, mwenye miaka minne, alikataa kukaa kwenye mkeka kula. Kwenye muundi wake palikuwa na wekundu mrefu, kama tone lililoteremka.

"Umemwagikiwa na chai?" Takiya aliuliza.

"Hapana. Mama yake amenishika."

"Mama yake nani?"

Arwa aligeuka akatazama sinki.

Kufikia asubuhi wekundu ulikuwa umepanda hadi gotini, na malengelenge juu yake. Walimpeleka hospitali. Daktari aliwahoji kila mmoja peke yake, kwa sauti ya upole, swali lile lile kwa njia tatu: nani humwogesha mtoto huyu? Adhuhuri waliambiwa kwamba afisa wa ustawi wa jamii atafika kwao Alhamisi asubuhi.

"Watamchukua," Takiya alinong'ona garini. "Wanadhani tunamchoma."

Mukbil aliondoa gari. Alipofika nyumbani aliwasha rekodi ili angalau amalize ripoti, na hapo alisikia ndoo ikigonga sakafu, akasikia maji, akasikia sauti yake mwenyewe ikitaja kutu na misumari, na chini ya sauti yake, karibu mno na simu kwa kitu ambacho hakikuwapo chumbani, kilio cha mtoto mchanga kilichokatika ghafla, na baada yake mwanamke akiita jina moja, akiita na kuita kama mtu anayemtikisa aliyelala, mpaka rekodi ikaisha.

Alimpelekea Hajja Ghusun, mjane anayeosha maiti za wanawake msikitini. Hajja aliisikiliza mara mbili, simu imebanwa sikioni ndani ya mtandio.

"Ulisema Bismillahi?"

"Nilikuwa nazungumza na simu, Hajja."

"Na simu!" Alimrudishia kwa ncha za vidole. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikufundisha bure. Mlete mtoto. Twende huko huko."

Jumatano Mukbil alifungua nyumba ile kwa ufunguo wa ukaguzi ambao hakuwa ameurudisha, wakashuka chumba cha chini wanne, Takiya akiwa amembeba Arwa ndani ya blanketi. Ilikuwa saa kumi na moja tu, lakini wakati wa baridi huko Michigan giza huwahi, na vidirisha vya juu vilikuwa vimeziba kwa theluji. Hajja alianza kusoma. Harufu ya nywele ikapanda kutoka tunduni, ikawajaa puani na kooni, na mabomba ya juu, ambayo Mukbil alikuwa ameyafunga kwa mkono wake, yakaanza kugongagonga moja baada ya jingine kama mtu anayepita nyumba nzima akitafuta kitu, na Arwa, aliyezaliwa Michigan na hajui ila Kiarabu cha kuchanganya cha watoto wa huku, akafungua kinywa akasema kwa lafudhi ya vikongwe wa Ibb.

"Wangu alikuwa amelala."

Takiya alitaka kupiga kelele. Hajja alimziba mdomo.

"Hakukusudia, bibie," Hajja alisema chini chini. "Taja fidia yako."

"Kazi yake ni kuandika. Ameandika misumari. Ameandika kutu, na panya wa darini. Sisi tuliokaa hapa kabla ya matofali hakutuandika. Kasema, linapitisha maji vizuri." Kichwa cha Arwa kilimgeukia baba yake. "Atuandike. Anayekuja asome."

Mukbil aliketi ngazini, akafungua ripoti kwenye simu, akaandika: Katika tundu la sakafuni inakaa familia. Niliwamwagia maji moto bila kuwaarifu, nikamwunguza mtoto wao. Akatia jina lake na namba ya leseni, akaituma kwa mnunuzi, nakala kwa Fadi.

Simu iliita kabla hawajafika garini.

"Umevuta nini wewe?" Fadi alifoka. "Utaharibu mauzo! Nani atakuajiri tena? Futa hiyo!"

"Ulitaka niweke kabati mbele yake?"

"Mwendawazimu."

"Mwendawazimu, sawa," Mukbil alisema, akakata.

Alhamisi afisa alikuja na picha za hospitali. Aliugeuza mguu wa Arwa kwenye mwanga wa dirisha, akatazama picha, akatazama tena mguu. Ngozi ilikuwa laini, hata alama hakuna. Aliandika kwa muda mrefu, akanywa chai ya maziwa aliyokaribishwa, akaondoka. Mlango ulipofungwa Takiya alikaa sakafuni palepale akalia.

Mnunuzi alijibu kwa mstari mmoja kwamba hanunui tena. Nyumba ikabaki tupu, na kwa wiki tatu hakuna aliyemwita Mukbil kazini. Hakulalamika. Nyumbani kwake sasa hakuna bomba linalofunguliwa, wala sufuria inayoinamishwa, bila Bismillahi, tena kwa sauti, na baada yake husubiri kidogo.

Jumamosi moja jioni Takiya alikuwa akimwandalia Arwa maji ya kuoga. Alisema Bismillahi, akanyoosha mkono.

Arwa alimshika kiganja. "Polepole, mama. Ndio kwanza amelala."

"Nani, mwanangu?"

"Mtoto. Amepona." Arwa alichungulia tundu la bafuni, akatabasamu. "Mama yake anasema kule nyumba ni tupu, hakuna mtu wa kuwabishia hodi. Kwetu mnabisha kila mara, ndio wamehamia."

Takiya aliurudisha mkono kifuani. Aligeukia mlango amwite mumewe.

"Na anasema msifunge tundu," Arwa aliongeza, akinong'ona ili asimwamshe. "Wenzake wako njiani."