Fyuzi Mfukoni

Mwamba wa chaza ulilipasua tumbo la boti kwa mlio wa bati linalochanwa, na Trent Hollis akarushwa mbele mpaka kidevu kikagonga usukani. Mkewe Kerryn, aliyekuwa omoni, mbele ya boti, akiwatazama nguva kwa darubini, aliangukia boksi la barafu kwa magoti.

"Umegonga nini?"

"Sikuuona."

"Ungeuonaje, wakati tangu asubuhi unaniangalia mimi badala ya maji?"

Alisema kweli. Maji yalianza kuingia miguuni mwao. Trent akaielekeza boti kwenye fungu la mchanga lililokuwa limejitokeza katikati ya mkondo, kisiwa cha K'gari upande mmoja na mikoko ya bara upande wa pili, akaipandisha hapo kwa nguvu zote za injini. Kerryn akaruka ili aivute. Kwa hasira alisahau jambo ambalo watoto wa Queensland hufundishwa kabla ya kuogelea: penye maji mafupi unaburuta miguu, huinyanyui. Samaki taa aliyejifukia mchangani alimchoma mwiba juu ya kisigino.

Alikaa majini, midomo ikamwishia damu. Trent alimbeba hadi pakavu. Kidonda kilikuwa kidogo, kingo zake zimeshaanza kuwa za buluu, na damu ilitoka bila haraka.

"Mwiba umebaki ndani?"

"Sijui. Usiuchokonoe." Alivuta pumzi. "Maji yanageuka lini?"

"Yameshageuka, yanajaa. Ikifika saa kumi fungu hili halipo."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Boti yenye tundu isingewabeba, na mtu mwenye mguu ule asingeogelea kilomita tatu katika mkondo wa pale.

"Piga redio."

"Imekufa," alisema Trent.

Kerryn alifumba macho. "Basi tungoje. Si uliwaambia asubuhi? Wakiona hatujarudi watakuja."

Trent akajifanya anakagua kidonda. Pande zile hakuna anayeshusha boti bila kuwaita kwa redio watu wa kujitolea wa uokoaji: jina la boti, mko wangapi, mnakwenda wapi, mtarudi lini. Usiporudi wanakutafuta. Asubuhi, Kerryn akiwa dukani kununua barafu, Trent alipaswa kuwaita. Hakuwaita. Wiki hiyo mwenye zamu redioni alikuwa Brodie Tranter, ambaye Kerryn alibakiza kidogo tu aolewe naye miaka kumi na saba iliyopita. Siku ya kwanza ya likizo Brodie alitania redioni kitu fulani kuhusu nguva na wake zao, Kerryn akacheka mpaka akafuta machozi. Siku ya pili Kerryn alipiga redio mwenyewe kuwaandikisha, bila kutumwa. Siku ya tatu, yaani leo, Trent alichomoa fyuzi ya redio akaitia mfukoni mwa kaptula. Mtu mzima, fundi umeme kwa kazi, anaogopa kicheko. Mimi wanaume wa namna hii nawajua, na huruma yangu kwao ni haba.

Nusu saa ikapita. Kerryn alianza kutetemeka, maumivu yamempanda mpaka kwenye nyonga. Mstari wa maji ulikuwa umezila nyayo zao zote. Trent aliitazama boti: maji ndani yake yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufikia betri. Betri ikilowa, hata fyuzi haitasaidia. Na bado, wallahi, kilichomjia kichwani kwanza ni sura ya Brodie akiipokea sauti yake, akitabasamu.

"Trent," Kerryn alisema, "sivisikii vidole vya mguu."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Trent alitia mkono mfukoni akautoa mbele ya macho ya mkewe, fyuzi ikiwa kiganjani.

Kerryn aliitazama, kisha akamtazama yeye. "Na asubuhi?"

"Sikuwaita."

"Nenda kapige," alisema.

Alikimbia. Alipachika fyuzi kwa vidole vinavyoteleza, redio ikakoroma.

"Hii ni Mwari, boti ya bati, tumepasuka kwenye fungu refu kusini ya gati la zamani. Tuko wawili. Mmoja kachomwa na taa."

"Mwari, nakusikia." Sauti ya Brodie ilikuwa tulivu. "Nani kachomwa?"

"Kerryn."

"Maji ya moto mnayo?"

"Ya chai, kwenye chupa."

"Mmwagie polepole. Yajaribu kwanza kwa mkono wako, yasimuunguze. Vaeni majaketi ya kuelea, tunakuja. Sema, mbona daftarini hamumo? Redio ilisumbua?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi, kaufungua Brodie mwenyewe. Trent alibonyeza kitufe.

"Redio ni nzima. Nilitoa fyuzi. Sikutaka aisikie sauti yako."

Sauti ya mzee fulani, mvuvi wa kaa pengine, ikaingilia: "Ndugu yangu, huku tunasikia wote, ujue."

"Nimepokea," alisema Brodie. Dakika chache baadaye maji yaliifikia betri, redio ikazimika.

Alimmwagia Kerryn maji ya chupa kidogo kidogo, na maumivu yakalegea kiasi. Fungu lilipungua likawa upana wa chumba, halafu wa kitanda, halafu likatoweka. Walisimama, Kerryn amemwegemea kwa mguu mmoja, maji magotini, kisha mapajani. Hatua kumi kutoka kwao nguva alitoa pua, akavuta pumzi, akazama kula majani. Alikuwa na mtoto ubavuni.

"Brodie hajui hata chai yangu naitaka vipi," alisema Kerryn. "Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Leo ningekufa kwa kucheka."

Trent alikaza mkono wake kiunoni mwa mkewe, mkondo usiwachukue.

Boti ya njano ya uokoaji ilifika maji yakiwa kifuani mwa Kerryn. Trent alikuwa amemweka Brodie akilini vile alivyomwona pichani, kijana wa kuteleza juu ya mawimbi. Aliyewavuta ndani alikuwa na upara unaomenyeka kwa jua, na tumbo.

"Habari, Kez," alisema.

Kez. Jina hilo Trent hakuwahi kulisikia, na wivu ukamchoma palepale, mbichi, kana kwamba hapakutokea lolote siku hiyo. Safari hii aliuacha umchome, mdomo kaufunga.

Brodie alimsogezea ndoo ya maji ya moto na birika kubwa. "Mshike mguu wewe. Mimi naendesha."

Trent alipiga magoti sakafuni. Kerryn alimpa mguu. Mkono hakumpa, aliuweka kwenye ukingo wa boti, uso kaugeuzia kisiwani, na walikwenda hivyo mwendo mrefu.

"Yamepoa?" Trent aliuliza.

"Yamepoa."

Akaongeza ya moto, ameyajaribu kwanza kwa mkono wake.