Inspekta na Kifaa cha Siku Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nina kazi tatu: kuosha vyombo vya jana, kufagia sebule na kuifuta pikipiki ya mama. Pikipiki ndiyo naifuta kwa bidii zaidi, kwa sababu mama ni mkunga, na mkunga hawezi kuingia chumbani kwa mzazi akiwa amejaa vumbi. Nikimaliza kuifuta, naikagua. Nyumbani wananiita Inspekta. Jina hilo alinipa baba siku nilipogundua kwamba muuza maziwa anaongeza maji, na tangu siku hiyo sijapumzika. Mtu akinichekea sana, namshuku. Akininunia, namshuku pia.

Mji wetu umekua haraka mno. Ng'ambo ya mto imeota mitaa mipya isiyo na majina, na nyumba zake hazina namba. Mama akipigiwa simu anaelekezwa hivi: "Ukifika kwenye geti jekundu, kata kushoto." Mageti mekundu yako kumi na moja. Alijaribu ramani ya simu, lakini jua likiwaka kioo hakionekani, mvua ikinyesha hakisikii kidole, na huko ng'ambo mtandao hakuna kabisa. Baba naye husambaza vitanda na makabati kwa gari dogo la mizigo, na shida yake ilikuwa hiyo hiyo. Wakakubaliana kununua kifaa kimoja cha kuonyesha njia kwa setilaiti, watumie wote wawili.

Jumamosi tukaenda watatu kwenye duka la vifaa vya magari. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta anasoma gazeti. Aliyetuhudumia ni dada mmoja mwenye kizibao cha njano, meno yote nje. Damu zetu hazikupatana tangu aliponiita mrembo. Mimi sijawahi kuwa mrembo Jumamosi asubuhi.

Macho ya baba yalikwenda moja kwa moja kwenye kifaa kikubwa chenye kioo kipana. "Hiki hapa! Nipe hiki."

Dada akatikisa kichwa. "Baba, hicho kinafaa kwa gari tu. Kwenye pikipiki hakifiki mbali. Hakizuii maji, na mtikiso utakilegeza." Akatoa kingine, kidogo, kinene, kimekaa kama kipande cha sabuni ya kufulia. "Hiki kinafaa kote. Mvua haikidhuru, kinasomeka juani, na mama atakibonyeza hata akiwa na glavu. Ramani zimo ndani, hakihitaji mtandao."

"Na kile kikubwa bei yake?" mama akauliza.

"Mara mbili ya hiki."

Hapo machale yakanicheza. Muuzaji gani anakataa kuuza kitu cha bei kubwa? Nikasema moyoni, huyu ana lake jambo. Nikamkazia macho, nikaangalia mikono yake, mifuko yake, hata viatu vyake.

Dada akaonyesha kona ya kioo, palipokuwa na picha mbili ndogo. "Hapa msipasahau. Kikiwa kwenye pikipiki, bonyezeni picha ya pikipiki, kitawapitisha hata njia nyembamba. Kikiwa kwenye gari, bonyezeni gari, kitafuata barabara pana tu. Kajaribuni siku saba. Kisipowafaa, rudisheni."

"Bure?" nikauliza.

"Bure, mrembo."

Tulipotoka nikamvuta mama mkono. "Mama, nani anatoa kitu hivi hivi? Hicho ni kibovu, anataka kukiondoa dukani."

"Haya, umeanza," mama akasema. Lakini baba, aliyekuwa bado anakisikitikia kile kioo kipana, akasema Inspekta wake hajawahi kukosea. Kichwa kikanivimba.

Wakapanga utaratibu. Mama anakitumia asubuhi, baba mchana. Jioni baba anakirudisha kwenye picha ya pikipiki, mama anahakikisha, kinawekwa juu ya kabati tayari kwa kesho. Siku tatu kikafanya kazi bila kosa hata moja. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Siku ya nne asubuhi, mama akiwa bafuni na baba bado amelala, nikapanda kiti nikakishusha. Nikakiuliza njia ya kwenda zahanati iliyo ng'ambo ya mto. Kikajibu: kilomita nne, kupitia daraja dogo. Nikabonyeza picha ya gari, nikauliza tena. Kilomita kumi na saba, kupitia barabara kuu! Ahaa! Swali moja, majibu mawili. Nikajiona nimemkamata yule dada mchana kweupe. Maneno yake kuhusu zile picha hayakunijia kabisa, maana siku ile dukani nilikuwa namkagua, sikuwa namsikiliza.

Mara simu ya mama ikalia, na mlango wa bafuni ukafunguka. Nikakirudisha kifaa juu ya kabati haraka haraka, nikashika ufagio, nikajifanya hamnazo.

Aliyepiga ni mwanamume mmoja wa waliohamia mitaa mipya wiki ile ile. Mke wake alikuwa ameanza uchungu kabla ya siku zake, na yeye mwenyewe yuko kazini mbali. Akamtumia mama namba za mahali nyumba ilipo. Mama akaziingiza kwenye kifaa, akakifunga kwenye usukani, akavaa helmeti na kuondoka. Mimi nikaenda shule.

Niliporudi nilimkuta mama amekaa jikoni, buti bado miguuni. Mama yangu haingii ndani na buti hata mara moja. Baba alikuwa amesimama dirishani, amenuna.

"Nimezungushwa barabara kuu yote," mama akasema taratibu. "Dakika hamsini. Nilipofika mtoto ameshatoka, yuko mikononi mwa jirani asiyejua la kufanya, na halii. Hapumui."

"Amekufa?" nikauliza.

"Hapana. Nilimsafisha, nikamsaidia kupumua, mwisho akalia. Lakini unajua nyumba yao iko wapi? Hatua chache tu kutoka daraja dogo! Ningepita pale, ningefika kwa robo saa."

"Si Inspekta alisema!" baba akafoka. "Hatukumsikiliza! Twendeni dukani sasa hivi."

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Niliingia kwenye gari la baba kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Dukani baba hakusalimia mtu. Alikiweka kifaa juu ya kaunta akaeleza yote kwa sauti ya juu, mpaka wapita njia wakachungulia mlangoni. Mwenye duka akakunja gazeti lake na kumgeukia dada.

"Mtoto wa watu nusura afe kwa sababu yako. Vua kizibao uniachie hapo. Kazi basi."

Leo yale meno hayakuonekana. "Bosi, naomba nikiangalie kwanza," dada akasema. Akakiwasha, akakitazama. "Kiko kwenye picha ya gari."

Baba akaja juu. "Unataka kusema nimesahau mimi? Jana jioni nimekirudisha kwenye pikipiki kwa mkono wangu, na mke wangu ameona! Leo sijakigusa!"

"Nimeona kweli," mama akasema.

"Basi kinajigeuza chenyewe," mwenye duka akasema. "Ni kibovu, na wewe ukawapa watu."

Dada akaanza kufungua vifungo vya kizibao.

Picha ya gari! Baba alimshuku dada, mwenye duka alimshuku dada, dada alimshuku baba, na wote walikishuku kifaa. Hakuna aliyenitazama mimi. Nikinyamaza, hakuna Inspekta mwingine wa kunikamata. Kifungo cha kwanza kikafunguka, kisha cha pili. Niliona aibu, niliogopa, nilitamani niwe shuleni, hata kwenye mtihani wa hesabu.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyekigeuza! Asubuhi, mama akiwa bafuni. Nilikuwa nakichunguza, nikakiacha kwenye gari."

Mama hakunipigia kelele. Alinishika bega akanigeuza. "Mwambie yeye."

Nikamwomba dada msamaha huku nalia.

"Ungeniuliza siku ile, ningekueleza kwa nini njia ni mbili," akasema. "Mimi kuulizwa hakunikeri." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Na wewe, bosi, hukuniuliza."

Mwenye duka akakohoa. "Funga vifungo, urudi kazini. Nimekosa." Baba naye akaomba radhi, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyoingia nayo. Kile kifaa tukakinunua.

Nikadhani yameisha. Kesho yake baada ya shule mama akanivalisha helmeti ya pili, akanipeleka ng'ambo kwa yule mzazi. Alikuwa amelala kitandani, na ubavuni mtoto mwenye uso mdogo uliokunjamana. Mama akasema, "Binti yangu ana neno," akarudi nyuma akaniacha mbele.

Nikaeleza. Yule mama alisikiliza hadi mwisho.

"Jana nilimchukia sana mama yako," akasema. "Nililala hapa namwangalia mwanangu halii, nikasema mkunga ametutupa. Amekunywa chai yake kwanza, kwa sababu sisi ni wageni hapa. Kumbe mwenzangu alikuwa njiani anakimbia."

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa anatazama sakafu. Mama yangu, ambaye huacha sahani ya chakula mezani simu ikilia.

Tulipotoka nje, mama akanifunga mkanda wa helmeti. "Sikukatazi kushuku," akasema. "Matapeli wapo. Lakini ukimshuku mtu, muulize usoni, na umsikilize mpaka amalize. Na ukigusa kitu cha mtu, sema umekigusa, hata kama utagombezwa. Jana ungeniambia, ningekugombeza nusu dakika, ningebonyeza pikipiki, ningefika. Ulichokificha wewe, tumelipa wengine."

"Ndiyo, mama."

Tukarudi nyumbani kwa daraja dogo. Sikutaka kuangalia saa, lakini niliangalia. Dakika kumi na nne.