Koti la Babu Fundi

Siku hiyo makao ya wazee yalichangamka tangu asubuhi. Mjukuu wa Babu Fundi alikuwa anaolewa! Gari lingekuja kumchukua babu saa nane. Wapishi walijua, wafagiaji walijua, hata bibi wa chumba cha pili, mwenye masikio mazito, alijua.

Babu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukalegea. Lakini koti la siku hiyo alilishona mwenyewe zamani, na alitaka kulivaa.

Saa saba na nusu Mama Pacha aliingia chumbani. Alikuwa mhudumu mpya, ana wiki mbili tu kazini, na furaha ilimjaa tele.

"Babu, leo utang'ara! Lete mkono."

Akaanza na mkono wa kulia, ule mzima. Ukaingia mara moja. Kisha akauvuta ule wa kushoto kwa nyuma.

"Yalaa! Unanivunja!" Machozi yalimtoka babu. "Livue! Siendi popote."

"Babu, harusi ya mjukuu wako!"

"Wataoana bila mimi."

Mama Pacha aliona aibu, akaona na uchungu. Alilivua koti, akakimbia kumtafuta mhudumu mkuu, aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini.

"Dada, nimeharibu! Nimemuumiza babu!"

"Ulianza na mkono upi?"

"Mzima. Si ndio rahisi?"

"Haraka haraka haina baraka, mwenzangu. Mkono mzima unajikunja wenyewe, kwa hiyo ungoje. Kuvaa, anza na mkono mgonjwa. Kuvua, anza na mzima. Na usiuvute, ushikilie chini ya kiwiko."

"Na akikataa?"

"Muombe radhi, umweleze kila unachofanya. Yule ni mtu, si mto wa kuvalishwa foronya!"

Mama Pacha akarudi mbio.

"Babu, nisamehe. Nilikosea. Nijaribu tena? Ukisema basi, naacha."

Babu alilitazama koti lake. Nje, honi ya gari ikalia.

"Haya, jaribu," akasema.

Mama Pacha alianza na mkono wa kushoto. Aliushikilia vizuri, akalipandisha koti polepole mpaka begani.

"Inauma, babu?"

"Bado," babu akajibu, amefumba macho.

Akalizungusha koti mgongoni. Mkono wa kulia babu aliuingiza mwenyewe. Mama Pacha akataka kumfunga vifungo.

"Acha! Hiyo kazi yangu."

Kwa mkono mmoja babu akavifunga vyote vitatu. Mama Pacha alitamani kuruka kwa furaha!

Akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi uani. Wahudumu wakapiga makofi. Babu alipoketi garini, akachungulia dirishani.

"We Mama Pacha! Jioni koti hili utanivua wewe. Utaanza na mkono upi?"

"Mzima, babu!"

Babu akacheka, akamgeukia dereva.

"Haya, twende harusini!"