Mchezo wa Tumu Waonjwa Chumvi

Mwezi wa Ramadhani, Bi Mejumaa wa mtaa wa Kuze huingia jikoni tangu saa nane mchana. Huanza na mbaazi za nazi, kisha viazi vya karai, kisha kaimati. Kwa kuwa amefunga, haonji. Huonjewa chumvi na jirani yake wa ghorofa ya chini, Nasipwondi.

Nasipwondi ni Mkristo kutoka bara. Yeye hutengeneza programu za kompyuta katika ofisi moja ya malori huko Shimanzi. Jumamosi huwa nyumbani. Akisikia mwiko unagongwa dirishani kwa Bi Mejumaa, hujua ameitwa.

Jumamosi moja alipanda ngazi, akaonja mbaazi. Akasema nazi imekubali, ila chumvi imekwenda likizo. Bi Mejumaa akacheka, akaongeza. Ndipo Nasipwondi alipochungulia sebuleni, akamwona Tumu, binti wa Bi Mejumaa, akiifunga kompyuta kwa shuka.

Akamuuliza kompyuta yahamia wapi. Tumu akasema Taib, muuza vifaa vilivyotumika, angepita baada ya alasiri. Angeichukua kompyuta, naye angemwachia mashine ya michezo, ile inayounganishwa na televisheni.

Bi Mejumaa aliushika mwiko hewani. Miaka miwili alikuwa akimwona binti yake ameinamia kompyuta hiyo, akitengeneza mchezo. Alijua ni mchezo wa msichana anayepeleka sahani za futari kwa majirani kabla ya adhana. Zaidi ya hapo hakujua, kwani Tumu hakumwonyesha mtu. Alisema chakula hakifunuliwi kawa kabla ya wageni kukaa. Sasa kompyuta ikienda, mchezo nao si umekwisha?

Nasipwondi akakaa kwenye mkeka.

"Tumu, mashine hiyo ya dukani ni ya kuchezea. Si ya kutengenezea mchezo."

Tumu hakuamini. Alikuwa amewaandikia wenye mashine, kampuni inayoziunda, mara mbili, wasimjibu. Alidhani akiwa nayo ndani, ataweza kuutia mchezo wake mwenyewe.

Nasipwondi akamweleza polepole. Mashine za televisheni zina wenyewe, na mlango wao una bawabu. Kwa kawaida, ukitaka kuuza mchezo huko, kwanza upewe ruhusa. Kisha utie saini mapatano, upate vifaa maalumu vya kutengenezea, na mchezo ukaguliwe. Hata ukitaka kurekebisha kosa dogo baadaye, mara nyingi hukaguliwa tena. Mtu asiyejulikana husubiri sana.

"Na kompyuta?" Tumu akauliza.

"Kompyuta ina maduka ya mtandaoni. Unajaza fomu, unalipa ada ndogo, wanautazama mchezo, unaingia. Kosa la asubuhi unalitengeneza jioni."

Lakini Tumu si mtu wa kukubali upesi. Akasema amesikia michezo inayoingia katika maduka hayo kila siku ni mingi mno. Wake nani atauona?

Nasipwondi akakiri. Mlango ukiwa wazi, wengi huingia. Ni kama Marikiti siku ya kuamkia Idi, kila mtu anaita wateja. Akakiri na jambo jingine. Mashine za televisheni za aina moja hufanana, basi kuujaribu mchezo huwa rahisi zaidi. Kompyuta hazifanani. Mchezo unaokwenda kwenye hii, kwenye ile hukwama.

"Kwa hivyo toa kionjo," akasema. "Sahani tatu za kwanza, bure. Watu wacheze, wakwambie. Wanaoupenda wataweka alama dukani kwamba wanaungojea. Wakiwa wengi, ndio wa kuwaonyesha wenye mashine."

Tumu akainamisha kichwa. "Da Nasi, nitoe kitu hakijaiva? Watu wanicheke?"

Bi Mejumaa akatoka jikoni.

"Mimi mwaka wa sita huu namwita Nasi aonje sufuria ikiwa motoni," akasema. "Kucheka, ananicheka. Lakini mgeni wangu hajapata kula mbaazi zisizo na chumvi. Ifungue kompyuta hiyo nione."

Tumu akaitoa shuka. Bi Mejumaa akafuta mikono kwa leso, akakaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza. Alimpitisha msichana kichochoroni, akasahau kumwamkia mzee, akarudishwa mwanzo. Akasema ni haki yake. Mara ya pili aliamkia kila mtu, hata paka. Alipofika mlangoni, akauacha mchezo.

"Mwanangu, huyu anatoa sahani kwa mkono wa kushoto. Mimi sipokei."

Tumu alitazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Miaka miwili hakuliona kosa hilo.

Taib alipofika na mashine yake, alikuta wanawake watatu mbele ya kompyuta. Akaambiwa hakuna biashara, lakini akae ajaribu. Alicheza mpaka ikakaribia adhana. Alipoaga, alisema ana kompyuta kuukuu kumi dukani, kila moja na ugonjwa wake. Kama Tumu ataka kuona mchezo utakwama wapi, aje.

Mchezo ulikwama kwenye nne. Tumu alikaa dukani kwa Taib wiki mbili, akaupunguza uzito mpaka ukaenda kwenye zote.

Baada ya Idi akatoa kionjo. Maoni ya kwanza yalitoka mbali. Mmoja alisema mlango wa tatu haufunguki, Tumu akautengeneza siku ile ile. Mwingine aliuliza mbona kila nyumba huirudisha sahani na kitu ndani, si tupu. Bi Mejumaa alitoa jibu mwenyewe, Tumu akaandika: "Jirani hawekewi deni la tumbo. Hurudishiwa mapenzi."

Waliokuwa wakiungojea mchezo walikuwa thelathini. Wakawa mia tatu. Mchezo kamili ulipotoka, walikuwa elfu sita. Wengi walinunua, wakawaambia wenzao. Tumu aliwaandikia tena wenye mashine, akawaonyesha idadi hiyo. Safari hii walijibu ndani ya wiki moja. Walimpa ruhusa, na wakamwazima vifaa vya kutengenezea. Mwaka uliofuata mchezo wa Kuze ulichezwa kwenye televisheni, na majirani walijaa kwa Bi Mejumaa kuutazama.

Wageni walipoondoka, Tumu alimwita mamake kwenye kompyuta. Alikuwa ameanza mchezo mpya. Kwenye kioo palikuwa na ngazi moja na mlango mmoja, basi.

"Hapa hapana kitu," akasema Bi Mejumaa.

"Ndiyo maana nimekwita mapema, mama."

Bi Mejumaa akavuta kiti, akapandisha miwani.

"Ngazi hii," akasema, "mwenye magoti mabovu ataipandaje?"