Udongo Mweusi Haujengi

Kila asubuhi Dative alipasha moto maharage ya jana, akamlisha binti yake Joëlla, kisha akaenda sokoni kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Waliishi mtaa wa Kamenge, chini ya shitingi, turubai la plastiki, kwenye kiwanja chao wenyewe. Nyumba yao ilichomwa wakati wa vita na mabati yakaibwa. Mume wake, Sylvère, alichukuliwa njiani akitoka kazini. Hakuna aliyejua alipo.

Mwaka uliopita Dative alijenga chumba pamoja na mama mkwe wake, Scholastique. Walifyatua matofali ya udongo, wakayaanika siku nne tu, wakajenga mbiombio kwa kuogopa mvua. Novemba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ukuta ulilainika chini, ukamwangukia Scholastique akichambua maharage. Alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Tangu siku hiyo Dative hakugusa udongo.

Kiangazi kilipoingia, alipita fundi mwashi aitwaye Namegabe, mkimbizi kutoka Bukavu aliyekaa miaka kadhaa katika mtaa wa jirani wa Cibitoke. Alisimama kwenye lundo la ukuta ule, akavunja tofali moja kwa vidole.

"Mama, nani alijenga hapa?"

"Ni mi na mama mukwe. Ukuta ulimuua."

Namegabe alivua kofia.

"Pole sana, mama. Huu ni udongo mweusi wa juu. Angalia, iko na mizizi. Hauna nguvu. Tena mulianza ukuta chini kabisa, bila mawe. Tofali ilikunywa maji."

"Basi udongo ni mubaya. Wenye feza wanajenga na simenti."

"Apana. Udongo si mubaya. Mulikosa mutu wa kuwaonyesha."

Dative alitazama chini.

"Sasa nimujengee nani, fundi? Bwana hayupo. Mama amekufa. Kesho vita inarudi, wanachoma tena."

"Inaweza kurudi," Namegabe alisema. "Nyumba yangu ya Bukavu, sijui nani analala ndani. Siwezi kukudanganya. Lakini mvua itarudi kweli, na mutoto wako iko hapa."

Kesho yake Dative alichukua jembe. Hakuwa na matumaini. Ila kukaa bure kulimuuma zaidi.

Namegabe alikuja kumsaidia kila Jumapili baada ya misa. Walichimba mpaka chini ya udongo mweusi, wakafikia mwekundu. Fundi aliulowesha kidogo, akauviringisha kama kidole.

"Ukikatika mara moja, mchanga ni mwingi. Ukinata sana mukononi, utapasuka ukikauka. Huu unanata. Tuongeze mchanga."

Waliongeza mchanga wa mtoni na majani makavu yaliyokatwakatwa, wakakanyaga kwa miguu, wakaacha siku mbili. Matofali waliyaanika kivulini, wakiyageuza, mwezi mzima. Msingi waliujenga kwa mawe, ukapanda hadi magotini. Paa la nyasi walilitokeza nje ya ukuta kwa urefu wa mkono, maji yaanguke mbali. Mwisho walipaka ukutani udongo uliochanganywa na mchanga na kinyesi cha ng'ombe.

Siku walipomaliza, Dative hakucheka wala kushangilia. Alihamisha mikeka miwili na sufuria.

Oktoba mvua ilikuja na upepo. Ilinyesha tangu asubuhi mpaka jioni. Dative alipitisha kiganja ukutani, kutoka juu hadi chini. Ulikuwa mkavu. Joëlla alilala bila kushtuka.

Ndipo Dative alipolia. Cibitoke ilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu. Mwaka ule wote Scholastique alipokuwa hai, fundi alikuwa huko, na wao hawakumuuliza.

Mlango uligongwa. Alikuwa Lisette, jirani yake, amelowa, amebeba watoto wawili.

"Ukuta wangu unalainika chini," alisema.

"Ingia. Usirudi kule ndani, hata kuchukua sufuria." Dative alifuta uso, akatandika mkeka wake kwa ajili ya watoto. "Kiangazi tutachimba pamoja. Nitakuonyesha udongo wa kutumia."